Nyota Moja Moja Juu ya Gusii

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika kaunti jirani ya Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba, na aghalabu hiyo ndiyo habari ya kwanza ambayo mgeni huelezwa kuhusu milima hii: kwamba watu wamejaa. Wanasiasa wao hawashughuliki na kilomita mraba. Huzungumzia kura za Abagusii, wenyeji wa milima hii, kana kwamba ni gunia moja linaloweza kubebwa begani na kushushwa mlangoni pa mgombea. Mazoea haya ya kuutazama umati na kuona kitu kimoja yana tiba nyingi, na nyingi zimeshahubiriwa hadi zikachosha. Nataka kuitetea moja ambayo haijahubiriwa: kazi ya kupiga picha vishada vya nyota, inayofanywa na mtu wa kawaida, kwa kamera ya kawaida, akiwa Keroka, Ogembo au Nyansiongo. Hoja yangu ni kwamba kazi hii haiwezekani kabisa kwa mtu asiyekubali kuutazama umati nyota moja moja.

Vishada ninavyovizungumzia ni vile vya mviringo. Kilimia, ambacho wakulima wa Afrika Mashariki walikitazama kujua majira ya kulima, ni kishada pia, lakini ni kichanga na kimetawanyika, na hata mtoto hutenganisha nyota zake sita au saba kwa macho. Kishada cha mviringo ni jambo jingine. Ni makumi ya maelfu ya nyota, wakati mwingine mamilioni, zilizoshikamana kwa uvutano wao wenyewe hadi zikawa tufe. Galaksi yetu ina vishada vya aina hiyo zaidi ya 150, na vingi vimepita umri wa miaka bilioni 10, yaani ni vikongwe zaidi ya maradufu kuliko jua. Kikubwa kuliko vyote katika galaksi hii huitwa Omega Centauri. Kina nyota zipatazo milioni 10, na mwanga wake husafiri miaka kama 17,000 kabla ya kutufikia. Jina lenyewe limebeba kosa la zamani. Ptolemy aliiandika katika orodha yake kama nyota moja, na mwaka 1603 Johann Bayer akaipa herufi ya Kigiriki kama alivyozipa nyota nyingine. Edmond Halley, akiwa kisiwani Saint Helena mwaka 1677, akaona kwamba si nyota bali ni kitu chenye ukungu. Ilibidi darubini kubwa zaidi zifike kusini ndipo ukungu huo uvunjike kuwa nyota nyingi. John Herschel alikishangaa kwa wingi huo alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema miaka ya 1830. Kwa karne nyingi, basi, watu wenye akili nyingi waliutazama umati wa mamilioni wakaandika: moja.

Mpiga picha wa leo hurudia safari hiyo kwa usiku mmoja, na hukutana na kikwazo ambacho ndicho kiini cha makala haya. Kishada hung'aa mno katikati na kufifia mno pembeni. Ukiacha lenzi wazi kwa muda mrefu ili uzinase nyota hafifu za ukingoni, kitovu huungua. Nyota elfu kadhaa hugeuka doa moja jeupe, na hakuna programu itakayozitenganisha baadaye kwa sababu habari zenyewe hazimo tena katika picha. Wanaoanza hudhani kosa lao ni kukosa mwanga, kumbe wameupata kupita kiasi. Dawa ni kupiga picha fupi fupi, nyingi sana, kisha kuzipanga moja juu ya nyingine kwa kompyuta. Kila picha peke yake haipendezi, imejaa chenga. Lakini chenga hutokea ovyo ovyo, mara hapa mara pale, na nyota hubaki palepale. Picha 100 zikijumlishwa, chenga hupungua hadi sehemu ya kumi ikilinganishwa na mwanga wa nyota. Siri ya hesabu hiyo ni kwamba hakuna picha hata moja inayoaminiwa peke yake, na hakuna inayotupwa kwa kuwa haikupendeza. Hutupwa tu ile iliyotikisika au iliyopitiwa na wingu. Hapa pana onyo dogo kuhusu simu za kisasa. Baadhi yake hunoa picha za usiku kwa kubuni kile ambacho kihisio hakikukiona, na mwenye simu hufurahia nyota ambazo hazipo. Anayeijua kazi hii afadhali apate picha yenye nyota 50 za kweli kuliko yenye 500 za kubuniwa.

Mtu atauliza tofauti yake ni nini, maana kishada ni kishada, na nyota zake zimefanana kama pacha. Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe walifundisha hivyo: nyota zote za kishada cha mviringo zilizaliwa pamoja, kwa gesi ileile, kwa hiyo ukiijua moja umezijua zote. Tafiti za miongo ya karibuni zimelitikisa fundisho hilo, na lilivunjikia papo hapo kwenye Omega Centauri. Nyota zake zilipopimwa moja moja zilionekana kuwa za vizazi tofauti, zenye viwango tofauti vya chuma, kiasi kwamba wengi sasa huamini kishada hicho ni kitovu kilichobaki cha galaksi ndogo iliyomezwa na yetu zamani. Kisha, Julai 2024, kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Taasisi ya Max Planck ya mjini Heidelberg kikachapisha katika jarida la Nature matokeo yanayostahili kusomwa polepole. Walichukua picha zaidi ya 500 za darubini ya Hubble, zilizopigwa kwa miaka 20, nyingi zikiwa za kurekebishia vyombo tu, wala hazikukusudiwa kuvumbua chochote. Wakafuatilia mwendo wa nyota milioni 1.4, kila moja kwa zamu yake. Katika hizo, saba zilizo karibu na kitovu zilikutwa zikienda kasi kuliko inavyoruhusiwa. Kwa kasi ile zingepaswa kuwa zimeshatoroka kishada. Hazijatoroka kwa sababu kuna kitu kisichoonekana kinachozishika, shimo jeusi lenye uzito usiopungua wa majua 8,200. Saba katika milioni 1.4! Wastani wa kishada kizima usingewaonyesha shimo hilo hata wangeupiga mara elfu, kwa kuwa katika wastani nyota saba ni sawa na hakuna.

Nalisisitiza jambo hilo kwa sababu linajibu pingamizi ambalo mzee yeyote wa Gusii angelitoa kabla ya wengine. Atasema kumtazama mtu mmoja mmoja ni fikra za kuvunja ukoo. Hapa mtu ni wa nyumba fulani, wa ukoo fulani, na akiwa peke yake hana maana. Pingamizi hili ni zito kuliko linavyoonekana. Lakini tazama kilichotokea Heidelberg. Waliofuata nyota moja moja hawakugundua kwamba nyota haina haja ya wenzake. Waligundua kinachozishikilia zile saba zisitoroke, kile ambacho waliotazama kundi zima hawakuwa wamekithibitisha. Mchumi anayetaka kujua kinachoishikilia jamii ya Nyamira hatakipata katika wastani wa mapato ya kaunti. Atakipata akifuatilia mama mmoja mchuma majani chai, na karani mmoja wa kituo cha kununulia majani hayo, na kijana mmoja aliyepaswa kuwa amehamia Nairobi zamani na hajahama, akiuliza ni nini kimemzuia.

Sitadai kwamba nyota hufundisha maadili. Nyota hazina kura, hazinyimwi haki, wala hazijali kupigwa picha. Ninachodai ni kidogo zaidi, kwamba mikono na macho hujifunza mazoea, na mazoea hayabaki kwenye kazi yalikofunzwa. Karani anayezoea kuhakiki hesabu za chama chake huwa mgumu kudanganywa sokoni. Vivyo hivyo, aliyezoea kujiuliza kama doa jeupe ni kitu kimoja au ni mwanga uliozidishwa hana budi kujiuliza hivyo hivyo anapoambiwa kwamba eneo bunge zima limeamua jambo fulani.

Tena Kisii na Nyamira zina bahati ambayo wapenda nyota wa Ulaya huilipia nauli ya ndege. Mji wa Kisii uko chini kidogo tu ya ikweta, pungufu ya digrii moja. Omega Centauri, ambayo haichomozi kabisa London wala Berlin, hapa hupanda hadi digrii 43 juu ya upeo wa kusini. M13, kishada mashuhuri cha kaskazini ambacho darubini ya Arecibo ilikitumia salamu za redio mwaka 1974, hupanda hapa zaidi ya digrii 50. Mwezi Juni, saa nne usiku, vyote viwili viko juu kwa wakati mmoja. Hata historia ya vishada ina alama ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, katika jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, na kwa kuwa ilikuwa siku ya maadhimisho ya uhuru wa nchi hii, ikaitwa Uhuru. Setilaiti hiyo ilikuwa miongoni mwa vyombo vya kwanza kuonyesha kwamba ndani ya vishada vya mviringo mna vyanzo vikali vya eksirei, nyota zilizokufa zinazofyonza gesi ya nyota jirani.

Bahati hiyo ya ikweta ina gharama yake. Mashine zinazoigeuza kamera ifuate mwendo wa nyota hulengwa kwenye ncha ya anga, na ukiwa hapa ncha zote mbili zimelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya vilima na migomba. Mashine nyingi, zilizoundwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, hazikubali kulazwa kiasi hicho. Hivyo wengi watalazimika kufanya kazi bila mashine, kwa picha za sekunde mbili mbili, jambo ambalo kwa vishada si hasara kubwa kama nilivyoeleza.

Kuna watakaosema huu ni mchezo wa matajiri, katika kaunti ambako shamba limegawanywa hadi likawa ua wa nyumba na karo ya shule huuzisha ng'ombe. Wangekuwa na haki kama ningetaka watu wanunue darubini. Lakini kila mji hapa, kuanzia Suneka hadi Kebirigo, una wapiga picha wa harusi na matanga, na wengi wao wana kamera nzuri na lenzi ya milimita 200. Usiku lenzi hizo zimelala ndani ya begi. Programu za kupanga picha, Siril kwa mfano, hupatikana bure. Kwamba Hubble imeshapiga picha bora hakunisumbui. Hakuna anayeacha kumpiga picha bi harusi kwa sababu mabibi harusi wengine wameshapigwa.

Pingamizi la mawingu ndilo ninaloliheshimu zaidi. Upepo wa Ziwa Victoria hupanda milima hii mchana na kuleta mvua ya alasiri karibu mwaka mzima, na mtu anayetaka usiku mwingi mweupe aende Turkana. Kisii haitakuwa kituo cha utafiti wa anga. Faida yake ni ndogo lakini ipo: baada ya mvua hewa huwa imeoshwa vumbi, na mara nyingine mbingu hufunguka saa chache kabla ya alfajiri.

Taa ni suala jingine, kwa kuwa hilo tumejiletea. Zile za juu sana tunazoziita mulika mwizi zimewasaidia wachuuzi kufunga vibanda vyao salama, na sitamwambia mama anayeuza mboga sokoni Daraja Mbili arudi gizani kwa ajili ya Omega Centauri. Ila nyingi kati ya taa za aina hii zimefungwa kwa namna inayomwaga sehemu ya mwanga pembeni na juu, ambako hakuna mwizi. Taa iliyofunikwa vizuri na kuelekezwa chini huiangaza ardhi kwa umeme mdogo zaidi, wala haimpofushi mpita njia hadi ashindwe kumwona aliyejificha kivulini. Kaunti zote mbili zinaweza kuliandika sharti hilo katika zabuni zao za taa bila kuongeza senti nyingi. Naziomba zifanye hivyo katika bajeti ijayo. Nawe mpiga picha wa harusi, mwishoni mwa Mei, yapata saa nne usiku, tafuta Msalaba wa Kusini, kisha tazama juu upande wa kushoto hadi uone nyota yenye ukungu. Piga picha 300, kila moja sekunde mbili, usizidishe.