Mganda Uliosahauliwa

Mafungu ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 24:19-22, Mhubiri 9:5, 6, Mathayo 6:1-4, Mathayo 25:34-40, Matendo 9:36-42, Waebrania 6:10.

Mama yangu aliongoza Dorkasi katika kanisa letu la milimani, huko Upare, kwa miaka mingi. Wachungaji walikuja na kuhamishwa, yeye akabaki. Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Kila mama aliposonga ugali alitoa konzi moja ya unga na kuitia katika kopo lililokaa kando ya mafiga. Siku ya Alhamisi makopo yote yalimiminwa katika debe moja nyumbani kwetu, na kabla ya Sabato kuingia unga ule ulikuwa umekwisha kufika kwa mjane, kwa mgonjwa, au kwa nyumba ambayo baba alikuwa amekunywa mshahara wote. Usiku tulilala tukisikia cherehani yake.

Imani yetu ilifika katika milima hiyo mwaka 1903, kituo cha kwanza kilipoanzishwa Giti. Dorkasi ya Waadventista ilianza mbali zaidi, huko Battle Creek, Marekani, mwaka 1874, wanawake wachache walipokutana kuwashonea nguo wahitaji. Mama hakuijua historia hiyo. Alichojua ni nani katika kijiji hakuwasha moto jana.

Sisi watoto wake hatukufurahi siku zote. Nikiwa darasa la sita nilishonewa sweta jipya la shule. Nililivaa wiki mbili tu. Siku moja ya Julai, baridi ya mlimani ikiuma, nilitoka kuteka maji nikalikuta limeondoka. Keshoye nililiona shuleni, mwilini mwa mwenzangu. Nilipomlalamikia Mama alinijibu, “Wewe una lile la zamani. Yeye hana la zamani.” Sikuridhika. Nakiri kwamba kinyongo kile nilikibeba kwa miaka mingi, hata baada ya kusoma theolojia na kuanza kuwafundisha wengine habari za utoaji.

Mama alipolala mauti, dada yangu alikuta daftari chini ya godoro lake. Ndani yake mlikuwa na majina, tarehe, na maneno machache: debe moja la mahindi, ada ya mtoto, nauli ya hospitali, shuka mbili. Nikiwa mtoto wa kwanza, ndiye niliyepaswa kusoma historia fupi ya marehemu siku ya maziko. Nikasema, tutasoma na daftari hili, watu wamjue mama yetu. Dada akanikatalia. “Kaka, hao waliomo humo watakuwa wameketi mbele yako.” Nikamwahidi kwamba sitataja jina la mtu.

Ahadi hiyo niliitimiza. Sikutaja jina. Lakini nilisimulia habari ya kijana ambaye Mama alimlipia ada kwa siri baada ya baba yake kufungwa, na kijiji chetu si kikubwa. Vichwa vikageuka. Mtu mmoja, mwenye heshima kanisani, akainuka kutoka chini ya turubai na kuondoka taratibu. Wiki iliyofuata nilimfuata nyumbani kwake. Alinikaribisha, akanipa chai, kisha akasema, “Mwalimu, mama yako alinisitiri zaidi ya miaka thelathini. Wewe umenivua nguo kwa dakika tatu.”

Je, tunamkumbukaje ipasavyo mtu aliyetenda mema kwa siri? Tukinyamaza, tunaonekana wasio na shukrani. Tukisema, tunaweza kuyabomoa yale yale tunayoyasifu.

Tuanze na marehemu mwenyewe. Biblia inatufundisha kwamba wafu hawajui neno lolote (Mhubiri 9:5). Basi sifa nilizozisoma siku ile hazikumfikia Mama. Zilimfikia nani? Ziliwafikia waliokuwa hai, na nikijichunguza kwa kweli, zilinifikia mimi. Nilitaka kijiji kijue kwamba debe lile lilijazwa na unga wa watoto wake, na kwamba mimi nilitetemeka kwa baridi ili mwingine apate joto. Nilikuwa nikidai malipo ya sweta. Bwana Yesu aliwaonya watoaji wasipige tarumbeta mbele yao (Mathayo 6:2). Tarumbeta ambayo mama hakuipiga maisha yake yote, mwanawe aliipulizia kando ya jeneza lake.

Huenda mtu akauliza, “Mbona wajane wa Yafa walionyesha hadharani matendo ya Dorkasi?” Swali hilo ni zuri. Soma tena Matendo 9:39. Petro alipopanda orofani, wajane walisimama karibu naye wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea Dorkasi alipokuwa pamoja nao. Angalia ni nani walioonyesha: ni wale waliopokea. Luka hatuambii kama Dorkasi alikuwa na mume au watoto. Hatupi hata neno moja alilolisema. Anamwita mwanafunzi, kwa namna ya kike ya neno hilo la Kiyunani isiyopatikana mahali pengine katika Agano Jipya, kisha anawaacha wajane waseme. Na wajane wenyewe hakuwataja majina. Nguo zinaonekana, umaskini wa kila mmoja umesitiriwa.

Hapa ndipo nilipoliona kosa langu. Haki ya kushuhudia tendo la huruma ni ya yule aliyepokea. Akisema, ni shukrani, na Mungu anatukuzwa. Akinyamaza, kimya hicho nacho ni chake. Mtoaji hana ruhusa ya kumsemea, na watoto wa mtoaji hawairithi ruhusa ambayo mama yao hakuwa nayo.

Torati ina agizo dogo ambalo nimelipenda tangu wakati huo. Mtu akivuna shamba lake na kusahau mganda mmoja, asirudi kuuchukua. Utakuwa wa mgeni, yatima na mjane (Kumbukumbu la Torati 24:19). Fikiri jinsi Mungu alivyopanga jambo hili. Mjane anaukuta mganda shambani. Hakuna anayempa mkononi, hakuna wa kumshukuru kwa magoti. Mwenye shamba naye hawezi kujisifu, kwa kuwa hakukusudia, alisahau. Lakini katika fungu la 22 Mungu anamwagiza mwenye shamba huyo huyo akumbuke jambo moja: kwamba alikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Asahau mganda, akumbuke utumwa. Mimi nilifanya kinyume. Niliikumbuka miganda yote ya Mama, nikasahau kwamba mimi pia niliwahi kulelewa na huruma ya watu.

Hata siku ya hukumu, wenye haki watamwuliza Mfalme ni lini walimwona na njaa wakamlisha (Mathayo 25:37). Hawana daftari. Daftari liko kwake, kwa maana Mungu si dhalimu hata asahau kazi na pendo la watumishi wake (Waebrania 6:10). Tunaweza kuacha kuhesabu kwa sababu yuko anayehesabu.

Kwa nini basi Mama aliandika? Dada yangu ndiye aliyegundua. Kando ya kila jina kulikuwa na alama ndogo, wakati mwingine mbili au tatu. Zilikuwa siku alizomwombea mtu huyo. Halikuwa daftari la madeni. Tulilichoma jikoni, sisi wawili, tukiwa tumekwisha kuyaweka majina hayo katika maombi yetu.

Yule ndugu alinisamehe, ingawa haikuwa siku ile ya chai. Ameniruhusu kuandika haya, na hata hivyo nimebadili mambo kadhaa ili asitambulike. Sabato moja, nilipokuwa likizoni nyumbani, alisimama mwenyewe kanisani na kusema kwa maneno yake kile Mama alichomtendea. Yalikuwa machache kuliko niliyoyasoma mimi, na wengi walilia.

Dorkasi alifufuliwa, na bila shaka alirudi kwenye sindano yake, na baadaye akalala tena. Mama analala akingoja sauti iliyo kuu kuliko ya Petro. Mpaka hapo, kopo liko kando ya jiko. Ndugu msomaji, kumkumbuka mama mwema ni kulijaza, na kufunga mdomo.

Maswali ya Kujadili

1. Ni lini ushuhuda wa wema tuliotendewa unamtukuza Mungu, na ni lini unamwumiza mtu? Tofauti iko wapi?

2. Kanisa lenu hugawaje misaada? Je, picha, orodha na matangazo yetu humsitiri anayepokea?

3. Watoto wa watoaji hulipa gharama wasiyoichagua. Wazazi wafanye nini ili huruma kwa jirani isizae kinyongo nyumbani? Soma pia 1 Timotheo 5:8.