Wasifu na Haki ya Marehemu

Je, wasifu unaosema kweli unaweza kumdhulumu marehemu? Elvis Presley, mwanamuziki wa roki wa Marekani, alifariki mwaka 1977. Mwaka 1981 Albert Goldman alitoa wasifu unaouanika uraibu wake wa dawa kwa dhihaka. Peter Guralnick, katika juzuu zake mbili (1994 na 1999), haufichi uraibu huo; juzuu ya pili, ndefu hadi kuchosha, ni masimulizi ya kuporomoka kwake. Tofauti yao, basi, haimo katika kufichua au kusitiri. Goldman huwabeza hata maskini wa Kusini waliomlea Presley, na kuufanya umaskini wao kuwa ushahidi dhidi yake. Hilo si suala la mtindo tu. Ni hukumu iliyotangulia kesi. Guralnick humfuata kijana huyo hadi studio ya Sun, Memphis, mwaka 1954, akamsikiliza akiimba kabla ya kumpima.