Ujira wa Mwenye Kuhakikisha Habari

Gazeti la Standard lilianzishwa hapa Mombasa mwaka 1902 na A. M. Jeevanjee, na mwaka 2024 kampuni yake ilitangaza kupunguza wafanyakazi. Wengi wetu tuliisoma habari hiyo katika simu, bila ya kutoa hata senti.

Twauliza, dhulma hapa ni ya nani? Mwajiri asemaye kuwa matangazo ya biashara yamehamia kwenye intaneti hasemi uwongo, ingawa haki ya mfanyakazi haifutiki kwa hasara ya tajiri. Lakini natuichukue Birongo, huko Kisii. Pakizuka mzozo wa shamba, mwandishi mwenye ujira huenda, akasikiliza pande mbili, na jina lake likachapwa juu ya maneno yake. Akiondolewa, mzozo hautakosa msimulizi: utasimuliwa na mmoja wa wagombanao, au na aliyelipwa naye. Sisi tuliofunzwa kuhakikisha habari kabla ya kuisadiki, twamtaka nani atuhakikishie bure? Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mwaka 1930, na al-Islah mwaka 1932, karatasi na wino havikuja bure. Na kahawa twailipia kila jioni, wala hatusemi kuwa ni ghali.