Mtumbwi ni wa Nani? Fikara juu ya Umoja wa Wavuvi wa Vitshumbi

Desturi si ngoma na mavazi peke yake. Desturi ni pia namna watu wanavyogawana kitu kisichowatosha wote. Kwetu Vitshumbi, kwenye ncha ya kusini ya ziwa Edward, kitu hicho ni samaki. Swali ninalotaka tulitazame pamoja ni hili: umoja wa wavuvi una haki gani ya kumwambia mtu mwenye njaa, «Wewe, usitie mtumbwi wako majini»?

Wengine watacheka. Watasema swali hilo ni la ofisi, ni la parki, si la wazee wa mila. Mimi naona ni swali la kila nyumba, na historia yetu inalionyesha.

Ziwa letu lina ukubwa wa kilomita za mraba 2.300 na zaidi kidogo. Sehemu kubwa, karibu asilimia 70, iko Kongo, na ile nyingine iko Uganda. Upande wa Kongo maji yote yako ndani ya Parki ya Virunga, ile iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1925 kwa jina la Parki Albert na kupanuliwa baadaye. Ni kusema: mvuvi wa Vitshumbi anaamka ndani ya parki, anavua ndani ya parki, anazaa watoto ndani ya parki. Pande zetu ni vijiji vitatu tu vilivyoruhusiwa na sheria kuvua: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 wakoloni waliunda ushirika wa uvuvi, COPILE. Baada ya uhuru ushirika huo ukawa COPEVI, jina ambalo watu wa kwetu wanalijua mpaka leo. Tuseme ukweli: mwanzoni haukuwa umoja uliozaliwa na wavuvi wenyewe chini ya mti. Uliletwa kutoka juu, na samaki walikwenda kulisha miji na mashamba ya Kivu. Lakini kanuni zake ziliingia katika maisha: hesabu ya mitumbwi iwe na mwisho, kila mtumbwi uwe na namba na kibali, nyavu zisiwe na macho madogo, na mazalio ya samaki yasiguswe. Mtoto wa Vitshumbi alikua akiyasikia hayo kama vile wa mlimani anavyosikia mambo ya kalenda ya kupanda maharagi.

Tuangalie sasa mtumbwi wenyewe, kwa sababu mtumbwi ni umoja mdogo. Mwenye mtumbwi pengine haingii majini. Anatoa mbao, nyavu, na siku hizi motere. Vijana wanaondoka jioni, wanatega nyavu, wanalala juu ya maji katika baridi na hofu ya viboko, na asubuhi wanarudi. Kando ya ziwa mama wachuuzi wanangoja na mabeseni. Mwingine ana chumvi ya kukausha, mwingine ana deni la jana. Samaki wanagawanywa: fungu la mwenye mtumbwi, fungu la wafanyakazi, fungu la mafuta, na samaki wa mboga kwa kila aliyevuta wavu. Hakuna anayesema «mtumbwi ni wangu peke yangu» akabaki na watu. Mwenye mtumbwi bila vijana ana mbao tu. Vijana bila mtumbwi wana mikono tu. Wahenga walisema, mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Basi, kama ndani ya mtumbwi tunajua kugawana, shida iko wapi? Shida iko kwa yule aliyebaki nje. Kijana wa miaka 20 hana kibali na baba yake hakumwachia mtumbwi. Au familia imekimbia vita mlimani na kufika kwetu na kifurushi kimoja. Orodha ya mitumbwi imekwisha kujaa. Huyu anakata mbao, anaingia majini usiku bila namba. Akikamatwa, mtumbwi unavunjwa au unachomwa moto. Kando ya ziwa utasikia watu wakisema: «Ziwa haina mulango. Mungu alitia samaki kwa wote.»

Neno hilo lina nguvu, na si vizuri kulijibu kwa kulidharau. Ni kweli hakuna mtu aliyeumba samaki. Ni kweli pia kwamba orodha ya kwanza iliandikwa na watu ambao hawakuuliza babu zetu. Tena kibali si mara zote kinakwenda kwa anayestahili. Kinajua kufuata pesa.

Lakini neno hilo lina upungufu mmoja. Linasema «wote» na linawahesabu tu watu walio hai leo. Tilapia jike hubeba mayai yake na watoto wake mdomoni. Anakaa nao katika maji mafupi, karibu na matete. Ukikokota wavu wa macho madogo pale, hukuvua samaki mmoja. Umevua mama na mdomo mzima wa watoto. Yule aliyekula leo amekula pia sahani ya mtoto atakayezaliwa mwaka ujao, na mtoto huyo hakuwapo kusema «hapana». Mwenye njaa, basi, si mwizi wa COPEVI. Kama kuna anayeibiwa, ni mtoto huyo.

Mwaka 1968 mwanasayansi wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba mali ya wote mwisho wake ni kuharibika: kila mmoja anaongeza ng'ombe wake mpaka majani yanakwisha. Dawa yake ilikuwa kuigawa mali iwe ya mtu binafsi au kuleta mkono mkali wa serikali. Mmarekani mwingine, mama Elinor Ostrom, alitazama watu wenyewe: wavuvi wa Alanya kule Uturuki, wenye malisho wa milima ya Uswisi, na wengine. Katika kitabu chake cha 1990 alionyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kulinda mali ya wote kwa miaka mingi, kama wanashiriki kutunga kanuni, kama walinzi wanatoka kwao au wanajibu mbele yao, na kama adhabu inaanza ndogo na kupanda polepole. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Wale wavuvi wa Alanya walikuwa wakigawana sehemu za kutegea kwa kura, kisha kila mmoja akahama kwa zamu, ili mahali pazuri pasiwe pa tajiri siku zote. Wazee wetu wangeielewa desturi hiyo bila mkalimani.

Jirani zetu wa Uganda walijaribu njia zote mbili. Mwaka 2003 sheria yao ilianzisha komite za wavuvi katika kila mwalo. Mwaka 2017 serikali yao ilileta wanajeshi ziwani. Na Julai 2018 wanamaji wa nchi zetu mbili walirushiana risasi juu ya maji haya haya, watu wakafa. Bunduki inaweza kuondoa mtumbwi majini, lakini haimfundishi mtu juu ya nini asirudi kesho.

Hapa msomaji ataniuliza: «Mwalimu, unasema umoja, umoja. Umoja gani, nchi ikiwa katika vita?» Swali ni la haki. Tangu vita vya 1996 na 1998, ziwa limekuwa na wenyeji wengi wenye silaha, kila kundi na ushuru wake. Viboko, ambao mavi yao yanalisha maji na hivyo yanalisha samaki, walikuwa zaidi ya 20.000 katika Virunga miaka ya 1970. Katikati ya miaka ya 2000 walihesabiwa chini ya 1.000. Machi 2024 M23 walifika Vitshumbi yenyewe. Kanuni ya ushirika inamfunga nani, kama aliyeitunga hana nguvu ya kuilinda?

Jibu langu: kanuni ya mazalio inafunga hata pale ushirika umelala. Hatuyaachi mazalio kwa heshima ya komite, wala ya parki, wala ya mwenye bunduki. Tunayaacha kwa sababu samaki hawajui ni nani anatawala. Wanazaa au hawazai. Serikali zimebadilika, jina la ziwa lenyewe lilibadilishwa kuwa Idi Amin mwaka 1973 na kurudishwa baadaye, lakini tilapia ameendelea kubeba watoto mdomoni.

Lakini siwezi kuishia hapo, kwa sababu nitakuwa nimembebesha maskini mzigo wote. Naona umoja unapata haki ya kumkataza mtu kama unatimiza mambo matatu. La kwanza, ukataze mkubwa kabla ya mdogo. Wavu mbaya mara nyingi si mali ya yule kijana anayekamatwa nao. Mwenye kuununua amekaa nyumbani anakunywa chai. Ukichoma mtumbwi wa kijana na kusalimia tajiri wake, hiyo si kanuni, ni uonevu. La pili, hesabu isomwe mbele ya watu: vibali vingapi, vya nani, franka zimekwenda wapi. Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini nahodha mmoja asiyeulizwa hukizamisha kimya kimya. La tatu, aliye nje aonyeshwe mlango: zamu katika mtumbwi wenye kibali, nafasi katika kukausha na kuuza, jina lake katika orodha ya wanaongoja. Na mjane ambaye mume wake amemezwa na maji asinyang'anywe fungu lake kabla matanga hayajaisha.

Umoja unaosema «hapana» bila kutoa mambo hayo matatu ni umoja wa kulinda walioshiba. Na mtu anayepewa mambo hayo, kisha bado anakwenda usiku kukokota mazalioni, huyo hawezi tena kusema ni njaa.

Vijana wetu, mkiuliza mtumbwi ni wa nani, mbao ni za aliyezinunua, jasho ni la waliovuta, na maji tumeyashika kwa ajili ya wale ambao hawajaja. Wazazi, mwaseme watoto hayo jioni, wakati wa kushona nyavu. Na wale walio katika komite, siku ya kuhesabu vibali, muite watu wasikie.