Saa za ziada za mfanyakazi: Kompyuta nayo ni mizani

 

Ndugu msomaji, wiki hii naandika juu ya kosa langu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa elimu ya dini ya Kiislamu, na kwa kuwa nilijaaliwa kusoma chuo kikuu, ndugu wengi hapa Arusha huniita wanapokwama na kompyuta. Mwaka jana Alhaji mmoja mwenye hoteli ndogo ya watalii kando ya barabara ya Moshi, baina ya Tengeru na Usa River, aliniomba nimsaidie kuweka kanuni za malipo katika programu aliyonunua ya kupanga zamu. Mfanyakazi anaweka kidole kwenye mashine akiingia na akitoka. Programu inahesabu saa zake, kisha inatoa mshahara, ovataimu na posho. Tulikaa baada ya Alasiri, na Magharibi ilipoadhiniwa tulikuwa tumemaliza. Tukaona tumefanya kazi nzuri.

Ilipita miezi minane. Siku moja baada ya darsa mlinzi wa hoteli ile, mtu mzima kunizidi, alinifuata mlangoni mwa msikiti. Hakuja kulalamika, alikuja na suala la fiqhi. Akasema, "Ustadhi, kila usiku nakatwa saa moja ya kula. Lakini getini niko peke yangu, siwezi kuondoka. Nikila, nakula huku nafungua geti. Saa ile ni yangu au ni ya Alhaji?"

Nilimwambia, "Mzee wangu, nipe siku mbili." Nikaenda kuifungua ile programu, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ikiwa mkononi.

Sheria inasema mapumziko hayalipwi, isipokuwa pale mfanyakazi anapotakiwa afanye kazi au awe tayari kwa kazi katika muda huo. Mlinzi aliye peke yake getini, katika baridi ya Meru ya mwezi wa Julai, hajapumzika. Mimi niliiambia kompyuta imkate saa moja kila mtu, kila siku, bila kuuliza kama amepumzika kweli. Si hilo tu. Sheria inahesabu usiku kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Programu ililetwa kutoka nje ikiwa na usiku wake unaoanzia saa 4, nami nikauacha hivyo hivyo. Aidha, saa za kawaida mwisho wake ni 45 kwa wiki, lakini mimi niliweka hesabu ya mwezi mzima. Kwa hiyo wiki ya wageni wengi mtu akizidisha, halafu wiki ya masika akipunguziwa zamu, ziada yake inamezwa kimya kimya.

Tuchukue mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, ili hesabu iwe nyepesi. Kwa kanuni ya sheria unagawa kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa 45 kupata saa. Inakuja kama shilingi 2,000 kwa saa. Saa ya ziada hailipwi chini ya mara moja na nusu, yaani 3,000, na ikiwa ya usiku ile asilimia 5 inahesabiwa juu ya hiyo 3,000, inakuwa 3,150. Mlinzi anaingia saa 2 usiku na kutoka saa 11 alfajiri, siku sita. Hizo ni saa 54 kwa wiki, tisa zikiwa za ziada. Mimi nilimwandikia 48. Saa sita kwa 3,150 ni 18,900 kila wiki. Ongeza zile saa mbili za mwanzo wa usiku, shilingi 100 kila saa kwa siku sita, ni 1,200. Jumla 20,100. Kwa wiki 34 ni shilingi 683,400. Na hapo sijagusa ziada zilizomezwa na hesabu ya mwezi.

Ndugu zangu, tunapoisoma Suratul Mutaffifiin akili zetu huenda Soko la Kilombero, kwa muuza maharage anayeegemeza kidole kwenye mizani. Yule angalau lazima arudie dhambi yake kwa kila mteja. Mimi niliweka kidole mara moja, jioni moja, kikakaa pale miezi minane kikipunja watu nikiwa nimelala, nikiwa naswali, hata nikiwa nafundisha darsa la dhulma! Na katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Abu Hurayra na kuitoa Imamu Bukhari, miongoni mwa watatu ambao Allah (s.w.) mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake.

Alhaji nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ustadhi, kompyuta ndiyo iliyokata, si mimi." Nikamwambia, "Alhaji, kompyuta haina akaunti benki. Fedha zilibaki kwako."

Nilijifunza pia kwamba wapo wanaoyajua haya na kuyafanya makusudi. Ovataimu inahesabiwa juu ya mshahara wa msingi, wala posho haimo. Basi mwajiri anaigawa ile 390,000 nusu kwa nusu: 195,000 mshahara, 195,000 posho ya hiki na kile. Saa ya ziada inashuka kutoka 3,000 hadi 1,500, na karatasi ya mshahara haina kosa. Posho ya kweli, ya nauli au ya nyumba, haina ubaya. Lakini iliyobuniwa ili kukwepa, mimi naifananisha na hila ya watu wa Sabato waliotajwa katika Suratul A'raf. Wao nao wangeweza kudai kuwa siku ya Sabato hawakuvua.

Wafanyakazi nao wasijitoe katika darsa hili. Anayeweka kidole saa 2 kisha akaenda kulala stoo anajaza kibaba chake kwa mali ya mwenzake.

Tulichofanya ni kurekebisha kanuni: wiki badala ya mwezi, usiku uanze saa 2, na mapumziko yasikatwe mpaka msimamizi athibitishe kuwa mlinzi alipokewa geti. Lakini haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Nilimkumbusha Alhaji yule mtu wa pangoni, katika Hadithi ya Ibn Umar, ambaye kibarua wake aliondoka bila kuchukua ujira, naye akauzalisha mpaka ukawa mali nyingi, na aliporudi akamkabidhi zote. Alhaji alilia, Allah amlipe kheri, kisha akalipa. Mimi nilichangia kwa kadiri ya uwezo wangu, maana mkono ulikuwa wangu.

Walinzi walikuwa wanne katika miezi ile, na wawili walishaacha kazi. Mmoja tulimpata Ngaramtoni anauza viazi. Wa pili simu yake haiiti. Alhaji aliuliza kama fedha zake zitolewe sadaka. Wanazuoni wameruhusu, kwa nia ya mwenyewe, baada ya kumtafuta na kukata tamaa, na akitokea baadaye apewe hiari. Hatujakata tamaa bado. Inasemekana alirudi kwao Kondoa, na yule mzee wa getini amesema anaijua njia. Ataondoka na basi la asubuhi Jumamosi, na siku hiyo tumemwandikia kuwa yuko kazini.