Ahadi Waliyopewa Washitakiwa

Vijana wa kwaya yetu wanaipenda sana Mathayo 10:19. Ukimwambia mmoja wao ajiandae kwa ibada ya Jumapili, atakujibu kwamba Bwana ametukataza kuhangaikia tutakayosema, kwa sababu tutapewa saa ile ile. Anafunga Biblia, anakwenda kucheza mpira. Jumapili anaanzia Edeni, anapitia Babeli, anatia "haleluya" kila pumzi inapomwishia, na kabla hajafika Ufunuo kina mama wameshaanza kuwazia sufuria walizoacha jikoni.

Mimi ni mwinjilisti wa mtaa huku Upareni. Mchungaji huja kwetu kwa zamu, kwa hiyo kuitwa ghafla ndiyo kazi yangu, na misibani ndiyo usiseme. Umekaa zako kwenye jamvi, mara mshereheshaji anakohoa kwenye kipaza sauti: "Mwinjilisti atupe neno, dakika tano tu." Hakuna aliyekudokezea. Basi hoja ya wale vijana siwezi kuicheka tu. Maneno ya saa ile yanatoka wapi?

Kwanza, mstari ule usomwe pamoja na wa juu yake. Yesu anasema na watu watakaoburutwa mabarazani na kupigwa. Ni ahadi waliyopewa washitakiwa. Mhubiri aliyekuwa na wiki nzima, na taa ya sola mezani, hakutajwa. Tena hata mshitakiwa hakukatazwa kufikiri. Tarehe 17 Aprili 1521, mjini Worms, Martin Luther alisimamishwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano akaulizwa kama anavikana vitabu vyake. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuudai mstari ule, ni yeye siku ile. Aliomba muda wa kufikiri. Akapewa siku moja, na kesho yake akajibu. Sisi Walutheri tunapenda kuisimulia hiyo kesho. Usiku wa katikati tunauruka.

Halafu yuko Haruni. Musa alilalamika kwamba ulimi wake ni mzito, akapewa kaka yake, msemaji hodari. Sasa msikilize msemaji hodari anapobanwa bila kujiandaa. Musa anashuka mlimani, anakuta watu wanamchezea ndama wa dhahabu, anauliza kulikoni. Haruni hababaiki hata kidogo: watu walinipa dhahabu, nikaitupa motoni, akatoka ndama huyu. Eti akatoka! Mistari ishirini tu juu yake, katika sura ile ile ya 32 ya Kutoka, tumeshasoma kwamba alimtengeneza yeye mwenyewe, na patasi mkononi. Ufasaha upo, ujasiri upo, na bado ni uongo mtupu. Tangu nilipoisoma sura ile vizuri siuamini ulimi unaoteleza, wangu ukiwamo.

Shemeji yangu ni Mwislamu, na aliwahi kunionyesha dua ya Musa katika Sura Taha. Musa anaomba akunjuliwe kifua na afunguliwe fundo la ulimi, ili watu wafahamu anachosema. Wafahamu, basi. Kushangiliwa hakukuombwa.

Msemaji wa namna hiyo nimemwona, na hana cheo chochote kanisani. Ni mzee ambaye hata kwenye vikao vya jumuiya hukaa karibu na mlango asije akaulizwa neno. Tulikuwa tunamzika jirani yake. Wasifu wa marehemu ulishasomwa, wajukuu walishalia, wawakilishi wa hiki na kile walishatoa salamu zao ndefu. Mzee akasimama bila kuitwa, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Mwaka wa njaa nilikopa debe la mahindi kwa huyu bwana. Hakuwahi kuniuliza. Watoto, debe lenu liko kwangu, njooni mlichukue." Akakaa.

Wa nyuma kabisa, nje ya turubai, walimsikia bila kipaza sauti.

Je, huyu hakujiandaa? Karatasi hakuwa nayo, na sidhani alitoka nyumbani akijua atasema. Lakini maneno yale alikuwa ameyabeba tangu mwaka wa njaa. Stefano naye, katika Matendo 7, anaulizwa swali moja na kuhani mkuu, anajibu kwa historia nzima tangu Abrahamu. Historia ile hakuteremshiwa pale barazani. Alikuwa ameishi nayo.

Sisemi Roho hakufanya kazi. Ninachokishuku ni kwamba tunamwomba kitu tulichopaswa kuja nacho. Matendo 4 inatuonyesha wanafunzi wametoka kutishwa na baraza, wamekutana, wanasali. Hawaombi maneno, wanaomba ujasiri wa kuyasema. Yule mzee alikuwa na maneno yake miaka yote ile, na marehemu alikuwa anapita mbele ya mlango wake kila asubuhi.