Kura ni Amana: Jawabu kwa Asiyejua Amchague Nani

Kila unapokaribia uchaguzi mkuu, ndugu wapya na wageni wanaochunguza imani yetu hapa Morogoro huleta swali ambalo halifai kujibiwa kwa haraka. Husema: "Mimi si mfuasi wa chama chochote. Nimewasikiliza wagombea wa urais, na moyo wangu haujamwelekea hata mmoja. Je, Islam yanifundisha nini? Na ninyi Waahmadiyya, mwaamriwa kumpigia nani?"

Sehemu ya mwisho ya swali hilo ina jawabu fupi. Jumuiya ya Ahmadiyya si chama cha siasa, haina mgombea, wala haimwamuru mtu ampigie fulani kura. Inamtaka kila Mwahmadiyya aitii sheria ya nchi yake, aipende nchi hiyo kwa kuwa mapenzi hayo ni sehemu ya imani, na aamue kwa dhamiri yake mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini sehemu ya kwanza ya swali ni nzito zaidi, kwa sababu dhamiri nayo yahitaji mwongozo.

Kwanza tufahamu kwamba kusitasita si dhambi. Hadhrat Umar r.a. alipojeruhiwa mwaka 644, aliwateua masahaba sita wamchague Khalifa miongoni mwao. Mmoja wao, Hadhrat Abdurrahman bin Auf r.a., alijiondoa mwenyewe katika ugombea, ndipo wenzake wakamwachia kazi ya kuchagua. Mbele yake walibaki Hadhrat Uthman na Hadhrat Ali r.a., watu wawili ambao heshima ya kila mmoja inajulikana kwa Waislamu wote. Je, Abdurrahman alifanya nini? Hakupiga kura ya bahati nasibu, wala hakumtazama aliye jamaa yake akamaliza. Kwa muda wa siku tatu alizunguka Madina akiwauliza wakubwa na wadogo, na usiku hakupata usingizi wa kutosha. Basi, mtu asiyeamua kwa sababu bado anachunguza yumo katika njia ya masahaba. Mwenye kulaumiwa ni yule asiyeamua kwa sababu hajali.

Na kwa nini ajali? Kurani Tukufu (4:59) inatuamuru kuzikabidhi amana kwa wanaozistahili, na katika aya hiyo hiyo inawaamuru wanaohukumu watu wahukumu kwa haki. Tazama mpangilio huo: wajibu wa raia umetangulia, na wajibu wa mtawala umefuata. Kumpa mtu madaraka ni kumkabidhi amana. Kura pia ni ushahidi, maana aweka alama mbele ya jina hushuhudia kwamba mtu huyu anafaa. Na Kurani Tukufu (4:136) imetutaka tutoe ushahidi wa haki ingawa ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Kwa hiyo anayempigia mtu kura kwa kuwa ni wa kabila lake tu, huku akijua kwamba hafai, ametoa ushahidi wa uongo, hata kama hakuna aliyemwona ndani ya kituo.

Lakini mtu atamjuaje asiyemjua? Zamani katika milima ya Uluguru jambo hili lilikuwa jepesi. Kiongozi wa ukoo alipatikana upande wa mama, akarithi jina la waliomtangulia, kama lilivyorithiwa jina la Kingalu huko Kinole. Waliomsimamisha walimjua tangu utoto: walijua jinsi alivyolima, alivyolipa deni, na alivyomtendea mjane wa nduguye. Lakini mgombea urais humwona mara moja tu, akiwa juu ya jukwaa, kati ya vipaza sauti na ngoma, na maneno yake yamepangwa.

Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Hadhrat Umar r.a. Umar akamwuliza kama amewahi kuwa jirani yake, au kusafiri naye, au kufanya naye biashara ya fedha. Alipokana yote matatu, Umar akamwambia kwamba hamjui mtu huyo. Labda amemwona tu akiinama na kuinuka msikitini. Mpiga kura naye ajiulize maswali hayo kwa namna inayofaa leo. Walioishi karibu na mgombea huyu katika kazi zake za nyuma, wanasemaje? Alipopatwa na dhiki ya kisiasa, alishika neno lake au alilibadili? Fedha za umma zilipokuwa mkononi mwake, hesabu yake ilikuwaje? Ahadi ni maneno ya kesho, na kesho haishuhudii. Matendo ya jana ndiyo mashahidi.

Katika kuyapima matendo hayo, Kurani Tukufu inatupa vipimo viwili kwa kinywa cha binti wa Madyan, aliyemshauri baba yake amwajiri Nabii Musa a.s. kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu (28:27). Nguvu maana yake ni uwezo wa kazi. Uaminifu maana yake ni kwamba kazi itafanywa kwa faida ya mwenye mali. Kimoja bila kingine hakitoshi, na Waluguru wanalijua hilo kwa mateso yao. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Wataalamu hawakukosea waliposema kwamba udongo unachukuliwa na mvua. Lakini wakulima, waliolalamika kwamba kazi ni ngumu na kwamba matuta hayazidishi mavuno, hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka huko Matombo, na mpango ukavunjika. Watawala walikuwa na elimu, lakini hawakuwa na amana ya watu. Kinyume chake pia ni kweli: mtu mwema asiyejua kazi ataiharibu nchi huku akilia kwa huruma.

Yupo adui wa tatu anayeuzima uchunguzi wote huu, naye ni zawadi. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa, ikaruhusu kile kilichoitwa takrima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Waislamu wangeweza kuijua hukumu hiyo tangu zamani. Mtume Mtukufu s.a.w. alimtuma mtu kukusanya zaka, naye aliporudi akasema kwamba hii ni yenu, na hii nimepewa mimi zawadi. Mtume s.a.w. alikasirika, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake aone kama zawadi hiyo ingemfikia. Wewe nawe, ndugu yangu, jiulize: kama usingekuwa na kura, je, khanga ile na kilo ile ya sukari zingelifika mlangoni kwako?

Wengine watauliza: je, si afadhali nimchague wa dini yangu? Sisi twajibu kwa tendo la Mtume s.a.w. mwenyewe. Waislamu walipoteswa Makka, aliwaelekeza Uhabeshi, kwa Najashi, mfalme Mkristo, kwa kuwa katika nchi yake hakuna aliyedhulumiwa. Aliyaweka maisha ya wafuasi wake chini ya haki ya mfalme asiye wa dini yao. Na katika nchi yetu, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mubaligh wa Jumuiya yetu, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha akawa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki, mpaka alipofariki mwaka 1964. Kama nchi hii ingelipima watu kwa dini na madhehebu peke yake, mtu wa Jumuiya ndogo kama yetu angelipataje kukabidhiwa amana kama hizo?

Limebaki swali gumu kuliko yote: na kama hakuna anayefaa? Hapa tusijidanganye. Hatuchagui kati ya mgombea na malaika, bali kati ya watu na watu. Ikiwa mmoja ana madhara machache kuliko mwingine, kumzuia mwenye madhara mengi ni wajibu. Tangu 1965 hadi 1990 Watanzania walipewa jina moja tu la mgombea urais, wakaulizwa ndiyo au hapana. Hata hapo palikuwa na ushahidi wa kutoa, na hapana iliyotoka katika dhamiri safi ilikuwa ushahidi kamili. Na yule ambaye, baada ya uchunguzi wa kweli, hamwoni hata mmoja anayeweza kumshuhudia, huyo akinyamaza tunamwachia Mola wake. Ila asiuite uvivu wake dhamiri.

Baada ya juhudi hiyo yote, na asali rakaa mbili za istikhara, aombe kheri kwa Yule ajuaye yaliyofichika. Dua haiwi mahali pa uchunguzi, bali huutakasa. Kisha apige kura yake kwa utulivu, na matokeo yoyote yasimtoe katika amani na sheria. Siku za uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 na zilizofuata ziliacha misiba katika nyumba za Watanzania. Damu ya mtu mmoja ni ghali kuliko kiti chochote, na neno hilo linamhusu mtawala kama linavyomhusu raia.

Maji ya mto Ruvu huanza kama vijito vidogo katika misitu ya Uluguru, kisha hunywewa na watu wa Dar es Salaam wasiopata kuiona milima hiyo. Anayekichafua kijito kule juu hasikii kilio cha aliye chini, lakini Mwenyezi Mungu husikia. Kura moja ni kijito. Ewe ndugu uliyesitasita, usione haya kwa kusitasita kwako. Ona haya tu ukiamua bila kuchunguza.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzifikisha amana kwa wanaozistahili, na awajaalie wanaozipokea haki na huruma. Amin.